Sensa ya ABS: mashine ya kusoma kodi au multimita?

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) ikiwaka, huenda sensa inayosoma kasi ya gurudumu ina shida; anza na mashine. Itakupa kodi, yaani namba ya hitilafu, inayotaja gurudumu lenyewe: C0035, kwa mfano, ni la mbele kushoto. Ila kodi hiyo inahusu mzunguko mzima wa umeme, si sensa peke yake. Wengi hununua sensa mpya kumbe waya umekatika ndani ya mpira wake, pale unapojikunja usukani ukizungushwa. Kwa hiyo endesha kilomita 20 hadi 30 kwa saa, msaidizi akisoma kwenye mashine kasi za magurudumu yote manne. Linalosoma sifuri au kurukaruka wakati mengine yametulia, ndilo la kufungua.

Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ni ya bei nafuu, na kwa sensa za zamani za koili na sumaku inatosha. Zima swichi, piga jeki, chomoa plagi ya sensa, pima ukinzani: nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,000. Isiposoma kitu, koili imekatika. Kisha weka volti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono. Namba isipopanda, chungulia meno ya ringi ya sensa (duara la chuma linalozunguka na gurudumu) na unga wa chuma ulioganda kwenye ncha ya sensa.

Sensa za kisasa za Hall, zenye saketi ya elektroniki ndani, usizipime omu: jibu halina maana, na mita inaweza kuziunguza.