Huduma ya kuziwekea taa za LED kidhibiti mwanga, Mwanjelwa, Mbeya

Taa nyingi za LED zinazouzwa Mbeya kwa ajili ya sola hazina namna ya kupunguzwa mwanga: ama zinawaka kwa nguvu zote, ama zimezimwa. Kwa sisi wa upande wa Tukuyu, ambako wakati wa mvua mawingu huweza kufunika jua kutwa nzima na betri ikaingia usiku bila kujaa, hilo si jambo dogo. Ndiyo maana nilipeleka taa zangu za volti 12 kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Mwanjelwa.

Wapo mafundi ambao, wakiombwa kazi hii, hufunga rizista (kifaa cha kuzuia mkondo) ya kuzungusha kwenye waya unaotoka kwenye betri. Njia hiyo haifai, kwani draiva, yaani sakiti ndogo iliyomo ndani ya taa, huhakikisha LED zinapata mkondo uleule hata volti zikishuka. Mwanga haupungui kwa mpangilio, bali hufika mahali ukaanza kuchezacheza, huku rizista ikishika moto bure.

Fundi huyu alifungua taa, akasoma kwa lenzi maandishi ya aisii (kipande kidogo chenye sakiti nzima ndani) inayoendesha draiva, akakuta ni PT4115. Aisii hiyo hupanga mkondo kwa kulinda volti 0.1 kwenye rizista ndogo ya kupimia. Katika taa yangu rizista ilikuwa ya omu 0.33, hivyo mkondo ni takriban miliampea 300. Hakuigusa. Alitafuta mguu wa DIM wa aisii hiyo, yaani ule wa kupunguzia mwanga, ambao kiwandani ulikuwa umeachwa wazi, hali inayofanya taa iwake kikamilifu, akauunganisha na sakiti ya aisii ya kupanga muda iitwayo 555, inayokata na kurudisha mkondo mamia ya mara kwa sekunde, kasi ambayo jicho halioni. Katikati aliweka transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, kwa kuwa 555 ilikuwa inatumia volti 12 za betri, na mguu wa DIM hauzistahimili. Transista hiyo ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ndiyo inayotofautisha kazi ya kudumu na ya kubahatisha.

Matokeo yamenifurahisha. Mwanga unashuka taratibu hadi kiasi cha kumlaza mtoto, rangi yake haibadiliki, na nikiuweka kwenye theluthi, betri inatumika karibu theluthi tu ya kawaida.

Kasoro ninayoiona ni tundu la kitufe cha kuzungusha cha kupunguzia mwanga, ambalo halikuzibwa kwa mpira, hivyo taa hiyo sasa haifai kukaa nje kwenye mvua. Vilevile fundi hapokei balbu za umeme wa volti 230, na hapo namwunga mkono kabisa: katika balbu nyingi za bei rahisi, ubao wa LED haujatenganishwa na umeme wa ukutani, na kapasita huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya balbu kuchomolewa.

Nililipa shilingi 12,000 kwa kila taa, vifaa vikiwemo.