Ukipata mgeni Washington mpeleke hapa kwanza, ila mjiandae na lile jeneza

Nyota tano. Ingekuwepo ya sita ningeweka. Naongelea Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, jengo la rangi ya shaba pale kona ya 14 na Constitution, limekaa kama vikapu vitatu vimepandana. Mmoja wa waliolichora, David Adjaye, kazaliwa Dar es Salaam jamani, wazazi wake Waghana, nilivyomwambia shangazi akaanza kutembea kama yuko kwake.

Kuingia bure, ila msiende kichwakichwa, pasi mnachukua mtandaoni na ina saa yake. Vaeni raba. Shangazi alitinga viatu vya harusini, saa ya pili kavishika mkononi.

Mnaanzia chini kabisa, lifti inashuka huku miaka ukutani inarudi nyuma mpaka elfu moja mia nne huko, halafu mnapanda taratibu kwa miguu, utumwa kwanza, ubaguzi unafuata. Na kwenye ubaguzi ndo kuna kile chumba. Watu foleni kimya, picha marufuku, mbele jeneza lenye kioo juu. La Emmett Till, lenyewe la 1955, sio la maonyesho. Mwili haumo usiogope, kaburi lilifukuliwa 2005 kwa uchunguzi akazikwa upya kwenye jeneza jipya, hili likaja kukutwa 2009 limetupwa bandani hukohuko makaburini linaliwa na kutu.

Kwa asiyejua, huyu dogo alikuwa wa Chicago, miaka 14, Agosti 1955 kaenda likizo kwa ndugu Mississippi, ikasemwa kampigia mluzi mwanamke wa kizungu mwenye duka. Usiku wanaume wawili wakaja kumtoa kitandani nyumbani kwa babu yake Mose Wright, siku tatu baadae anaopolewa mtoni na feni ya mashine ya pamba imefungwa shingoni kwa seng'enge. Uso haupo. Walimtambua kwa pete.

Sasa kwetu ikifika hapo si mnajua, MC wa msiba anashika maiki anatangaza mwili hautaagwa, tunaweka picha ya marehemu juu ya jeneza basi. Na Mississippi walitaka hivyohivyo, sanduku lilipelekwa Chicago na masharti lisifunguliwe. Mama yake, Mamie, akakataa. Akasema lifunguliwe, watu waone alichokiona yeye, na maelfu kwa maelfu wakapita kuaga, jarida la weusi la Jet likatoa picha, nchi nzima ikaona. Shangazi akanishika mkono pale akasema "huyu mama moyo aliutoa wapi", nikashindwa kumjibu maana nilikuwa nalia na mimi.

Mi nilikuwa najua harakati za weusi kudai haki zilianza na Rosa Parks, yule mama mweusi aliyegoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Kumbe Rosa mwenyewe ananukuliwa kuwa alimfikiria Emmett siku ile, 1 Desemba 1955, hata miezi minne haijapita tangu mauaji, na mgomo wa weusi kupanda mabasi mjini kwake Montgomery ukaenda siku 381. Sio kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wamelala, kesi ya kupinga kutenganisha watoto weusi na wazungu shuleni walishashinda 1954, na mwaka huohuo wa 55 hukohuko Mississippi walishauawa mchungaji George Lee na Lamar Smith kwa kuhimiza weusi wapige kura, nchi haikutikisika. Tofauti ni kile kioo. Ukisimama pale unaelewa bila kuelezwa.

Wale wawili wakaachiwa, wazee wa baraza wote wanaume wa kizungu, dakika 67, na mmoja wao akasema wasingechelewa hivyo kama wasingesimama kunywa soda. Soda! Baadae wakauza stori kwa jarida wakikiri wameua. Sheria ya kuzuia mauaji ya namna hiyo yenye jina la Emmett imesainiwa 2022, hebu hesabu hiyo miaka.

Ukitoka huko kuna ukumbi una maji yanamwagika toka kwenye dari, kaeni hapo msikimbilie kula. Sisi tulikaa karibu nusu saa shangazi hajavaa viatu.

Ghorofa za juu, za muziki na michezo, hatukugusa kabisa. Jumapili narudi na watoto, pasi za saa nne nishachukua.