Mama muuza vifaranga vya sato wa Mabogini, alikataa hela yangu mpaka bwawa liwe tayari

Jamani wafugaji wenzangu wa Moshi na Arusha, kama fundi ndo kamaliza bwawa lako wiki hii na unawaza kesho ukachukue vifaranga, soma hii kwanza.

Bwawa langu liko Uru, la sementi, mita 5 kwa 10. Fundi alipiga plasta mwezi wa 6, siku ya nne nikafungulia maji ya mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia) likajaa, nikaenda kwa muuzaji mmoja (simtaji) akanihesabia sato 500 chapchap, hakuuliza bwawa lina siku ngapi wala kama ni la udongo au la sementi. Kesho yake asubuhi nawakuta wanahema juu juu midomo wazi, mwili una utelezi mweupe, kufika siku ya pili jioni tunaokota maiti kwa ndoo mimi na mwanangu wa darasa la tatu, mtoto analia. Kumpigia yule muuzaji ananiambia eti maji ya huku ndo mabaya.

Jirani akanielekeza kwa huyu mama Mabogini. Nimefika mwezi wa 7, shikamoo, marahaba, hela iko mkononi nataka 500 tena. Akaniuliza, "Bwawa lina muda gani mwanangu?" Nikamweleza yote. Akasema, "Basi leo sikuuzii."

Akapanda boda mwenyewe mpaka Uru, kaja na vikaratasi vya kupima pH (yaani maji yana asidi au ukali wa chokaa kiasi gani) na kipimajoto. Kachovya kikaratasi kikawa bluu imekolea kabisa, tukalinganisha na rangi za kwenye boksi, imepita 10! Akaniambia sementi mpya inatoa chokaa kwenye maji, maji yanakuwa makali yanaunguza mashavu ya samaki anakosa pumzi, kwa hiyo jaza bwawa, acha wiki nzima, mwaga yote, rudia mara 3, halafu upime, ukipata kati ya 6.5 na 9 ndo tuongee. Kipimajoto nacho kikasoma 19, na sato anataka 25 mpaka 30 ndo akue vizuri, akasema kwa baridi hii ya Julai hata wasipokufa watakaa tu hawali, ngoja ipungue. Kwa wenye bwawa la udongo alisema unamwaga chokaa kwanza, unasubiri wiki moja mpaka mbili ndo unaweka maji na samadi.

pH ilipokaa sawa nikafunga samadi ya kuku kwenye gunia nikalizamisha konani. Baada ya siku kama nane maji yakawa kijani. Hapa alinifundisha kitu ambacho sitakisahau: zamisha mkono taratibu mpaka kiwiko, ukiona kiganja bado vizuri ujue maji hayajaiva, chakula cha samaki hakijaota, kikipotea maji yakiwa yanakaribia kiwiko basi tayari, na kikipotea mapema sana samadi imezidi, ongeza maji. Ila yakishaiva usikae nayo mwezi, vyura na wadudu wa majini watajaa na wale wadudu wanakula vifaranga.

Katikati ya mwezi wa 9 akaleta 200. Mimi bado nataka 500, akasema kwa bwawa lako wanne kila mita ya mraba wanatosha. Mfuko una oksijeni, akauacha uelee bwawani dakika 20, akawa anaingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha akaulaza wakatoka wenyewe, mmoja mmoja halafu kundi zima likapotea kwenye kijani. Nilisimama pale mpaka giza likaingia. Walikufa 3 tu, na sasa hivi Desemba wengi wanafika kiganja.

Yasiyonifurahisha yapo. Simu mchana hapokei, siku ya kuleta alisema saa 12 asubuhi akafika saa 11 jioni, na kifaranga chake ni 300 wakati yule wa kwanza aliniuzia 200. Risiti pia mpaka uombe. Nampa nyota 4, na kwa 300 hiyo mimi narudi kwake.

Ukienda usibebe ndoo. Beba picha ya bwawa kwenye simu na tarehe fundi alipomaliza plasta, ndo atakachokuuliza kwanza.