Siki, limau au umeme? Nimeitoa kutu Raleigh ya babu hapa Tanga

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo? Leo niko uani nyumbani, Ngamiani, na hii nyuma yangu ndiyo ile baiskeli mliyoniulizia. Raleigh ya marehemu babu. Imelala kwenye banda la kuni zaidi ya miaka kumi na tano, na sisi watu wa Tanga tunaujua upepo wa bahari unavyokifanya chuma. Madigadi yametoboka, karia imekuwa rangi ya udongo, mnyororo umeganda kama mti.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapa kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu? Nimepitisha kitambaa chenye mafuta ya taa tu, sijakwangua kitu. Someni nami: Sturmey Archer, AW, kisha 62, kisha 4. Sturmey Archer ndiye mtengenezaji wa habu, AW ni aina yake yenye gia tatu ndani, na hizo namba ni tarehe ya kutengenezwa, Aprili 1962, huko Nottingham, Uingereza. Tanganyika ilikuwa na miezi minne tu tangu ipate uhuru. Baiskeli yenyewe huenda iliunganishwa baadaye kidogo, kwa sababu tarehe ni ya habu peke yake. Ukikutana na baiskeli kuukuu ya aina hii, safisha hapo kwanza kabla hujauliza bei.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe. Nimejaribu njia tatu za kutoa kutu, vitu vya dukani tu: siki nyeupe, limau, na umeme wa chaja ya betri ya pikipiki. Nilichukua vyuma vitatu vya kushikilia madigadi, vyote vina kutu sawa, kila kimoja nikakipa dawa yake. Halafu nikavitundika barazani upande unaopiga upepo wa bahari, wiki tatu, bila kuvipaka chochote. Kwa sababu kutoa kutu si kazi. Kazi ni isirudi.

Siki kwanza. Inatoa kutu kweli, sitaki kuidhulumu. Usiku mmoja ndani ya chupa iliyokatwa, asubuhi unapiga brashi ya waya, chuma kinatoka cha kijivu. Lakini angalieni hiki hapa. Kilianza kuwa cha njano siku ile ile, kabla hata sijala chakula cha mchana. Na siki haichagui: ile ngozi ya zinki iliyo juu ya nati na skrubu za zamani inaliwa pamoja na kutu, ukitoa nati iko uchi.

Limau ni pole zaidi. Nilikamua malimau ya Muheza, nikatia maji kidogo, nikaacha usiku mzima. Kwa vitu vidogo, skrubu, kengele, vikombe vya gololi, mimi naipenda kuliko siki, na harufu yake haikufukuzi uani. Ila baada ya wiki tatu, tazameni kwenye vishimo: vidoa vyekundu vimerudi pale pale vilipokuwa.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kutu ya pwani ina chumvi ndani yake. Chumvi ya bahari inajificha chini kabisa, kwenye vishimo, na wewe ukitoa wekundu wa juu tu, chumvi imebaki. Inavuta unyevu wa hewa, chuma kinaanza kuliwa upya kutoka chini. Ndiyo maana mtu anapiga msasa, anapiga rangi nzuri, miezi michache rangi inavimba kama tui linalochemka. Hakuna aliyemroga, ni chumvi.

Umeme ndio unaosaidia kuitoa hiyo chumvi. Ndoo ya plastiki, maji, soda ya kuokea kijiko cha chakula kwa kila lita nne hivi. Mwanzo nilitaka kutumia magadi ya mawe, ya kuwekea maharage, kisha nikakumbuka magadi nayo yana chumvi ndani. Nikaacha. Waya hasi wa chaja unafunga kwenye kitu chako chenye kutu. Waya chanya kwenye kipande cha nondo. Visigusane. Ukikosea ukageuza, nondo itapona na chuma chako ndicho kitakacholiwa. Na tafadhali, upande wa nondo usiweke kijiko wala sufuria ya stenlesi, maji yanageuka sumu. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, maana vile viputo vinavyopanda ni hewa inayowaka.

Mimi niliacha saa kumi na mbili. Kutu ilitoka nyeusi, laini, unaifuta kwa vidole. Halafu nikachemsha kile chuma kwenye maji safi, nikamwaga, nikachemsha tena kwa maji mengine, nikakikausha juu ya jiko la mkaa. Wiki tatu barazani: hiki hapa. Kuna ukungu wa njano upande mmoja, kwingine kijivu kitupu. Kwa mtu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, mimi nasema chukua umeme. Na ukikipaka mafuta kingali na moto, kinayanywa mpaka kwenye vishimo.

Lakini si kila kitu kinaingia ndooni, na hili nimelilipia. Springi ya kiti niliilaza kwenye siki siku mbili. Ilitoka inang'aa. Nikafunga kiti, nikakaa, tak! imekatika katikati kama kijiti kikavu. Chuma kigumu cha springi kikikaa kwenye asidi kinaingiwa na haidrojeni, kinakuwa chepesi kuvunjika. Umeme nao unafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo springi na mnyororo, mafuta ya taa na subira tu. Mimi nasugulia fundo la katani, nyuzi zetu za mkonge, nimechovya kwenye oili. Zinakwangua bila kukwaruza.

Usukani na rimu ni za kromu, hizo nazo usizitie kwenye umeme, ngozi iliyolegea itabanduka. Chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye maji, sugua. Foili ni laini kuliko kromu, haiachi mikwaruzo. Tazameni huu upande na ule.

Rangi sijaigusa. Fundi mmoja aliniambia nikwangue yote nipige nyeusi mpya. Hapana. Hii mistari ya dhahabu kwenye fremu bado ipo, na hapa kwenye bomba la juu imelika palipokuwa panapita mguu wa babu kila akipanda. Nifute hapo ili iweje?

Habu nimeitilia oili nyepesi kupitia hiki kitundu, vijiko viwili vya chai. Si grisi, na si mafuta ya kupikia, hayo yanageuka gundi humo ndani. Sikilizeni, nazungusha. Tik, tik, tik. Hiyo ni gia ya tatu, inakuongezea theluthi moja ya mwendo. Ya pili, tik, tik. Ya kwanza, kimya. Ndivyo inavyotakiwa, na imekaa zaidi ya miaka sitini.

Kilichonishinda mpaka sasa ni kotapini ya pedali ya kushoto, ile pini inayoukaza mkono wa pedali kwenye ekseli. Sijaipiga nyundo, kwa sababu ikipinda humo itabidi kuitoboa. Naitonesha mafuta kila jioni mpaka Ijumaa, kisha nitaweka bomba la chuma chini ya mkono wa pedali nijaribu tena.