Nilivyopima kelele za mashine za kusaga kwa simu

Mashine zangu mbili za kusaga mahindi zina mota za ukubwa mmoja, na kwa miaka sita nimezizoea hadi kelele zake sizijali tena. Aliyenishtua ni kijana ninayefanya naye kazi. Siku hizi hata tukiwa mbali na kinu, ukimwita anaitika "Naam?" mara mbili ndipo akusikie. Nikaazima iPhone ya binti yangu, nikapakua NIOSH Sound Level Meter, programu ya bure ya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini.

Niliwasha mashine moja, nikashika simu usawa wa sikio la kijana, pale anaposimama kumimina mahindi. Ikasoma desibeli 91 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nikawasha na ya pili, nikisubiri namba iruke mbali. 94! Nikadhani simu ina hitilafu. Nikarudia, ikaja ileile.

Kumbe desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Nguvu ya sauti ikiwa maradufu, namba hupanda 3 tu. Ikiwa mara kumi, hupanda 10. Mara mia, 20. Kwa hiyo hizo 3 nilizozidharau ni mashine nzima ya pili! Na sikio halikwambii, maana watu wengi huona sauti imekuwa kubwa mara mbili pale tu desibeli zinapoongezeka kama 10.

Taasisi hiyo inashauri mtu asizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Kijana wangu husimama pale kutwa nzima. Iliniuma sana.

Ninachoipendea programu hii ni kwamba inatoa wastani wa muda wote uliopima, na asilimia ya kelele zinazoshauriwa kwa siku ambayo sikio limeshapokea. Iache ipime nusu saa, usifuate namba inayorukaruka. Wakati fulani vipimo vilishuka ghafla, kumbe unga umeziba tundu la maikrofoni. Kasoro yake kubwa ni kwamba haipo kwa simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Na ukihitaji kipimo cha kupeleka ofisini, tafuta mtaalamu mwenye kipima sauti kilichohakikiwa.

Nimemnunulia kijana vifunika masikio, na mashine ya pili tunaiwasha foleni ikiwa ndefu tu. Jumatatu nampeleka hospitali akapimwe usikivu.