Uzoefu wangu: kufufua sakafu ya muhuhu iliyofichwa chini ya kapeti

Nyumba tunayoishi mjini Nakuru ilijengwa katika miaka ya 1950, na tangu nilipoolewa sijawahi kuiona sebule yake bila kapeti ya kijani ambayo mama mkwe wangu aliigandisha kwa gundi mwaka 1987. Mwezi Januari bomba la bafuni lilipasuka, kapeti ikalowa, na nilipoinua pembe yake kwa bisibisi ili pakauke, nikakuta vibao vifupi vya rangi ya asali iliyokolea, vimepangwa mshazari mithili ya ukili wa mkeka. Mume wangu alitaka tuweke vigae. Mimi nilitafuta kampuni ya kusugua sakafu, na haya ndiyo maoni yangu juu ya huduma yao. Jina lao silitaji kwa kuwa nina malalamiko pamoja na sifa.

Walinitoza shilingi 850 kwa mita ya mraba, kupiga msasa na kupaka vanishi, na kwa mita za mraba 38 za sebule na ukumbi jumla ilikuwa shilingi 32,300. Kwa kazi iliyofanyika, bei hiyo naiona ya haki. Nililolalamikia ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa haihusu kung'oa kapeti, kukwangua gundi wala kurudishia vibao vilivyoachia, hadi mafundi walipofika mlangoni na mashine, wakaitazama ile gundi, wakageuza gari. Sababu yao nilikuja kuielewa baadaye: gundi na lami huyeyuka kwa joto la msuguano, hujaza msasa katika dakika chache, kisha mashine huacha kukata na kuanza kupaka weusi juu ya mbao.

Basi maandalizi tuliyafanya wenyewe, mimi na kijana wangu, kwa siku nne. Vibao karibu 60 upande wa bafuni vilikuwa vimeachia kwa maji, na kila kimoja kilikuwa na tabaka la lami nyeusi mgongoni, kwa maana mafundi wa enzi hizo walivigandisha kwa lami juu ya zege. Tuliviandika namba kwa chaki, tukajaribu kukwangua lami kwa patasi, ikawa inanata tu kama ubani uliotafunwa. Jirani akatushauri tuvitie kwenye friza usiku kucha. Asubuhi yake lami ilikatika vipande vipande kama sukari guru, na kazi tuliyoidhania ya wiki ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Vibao tisa vilikuwa vimeoza. Mbadala wake niliung'oa ndani ya kabati la ukutani, ambako sakafu ni ileile na hakuna aonaye. Kwa bahati hatukukuta vigae vya vinaili, maana vingi vya zamani vilichanganywa asbesto, na kuvisaga kwa mashine ni kujitakia maradhi ya mapafu.

Mafundi waliporudi walifanya kazi kwa utaratibu: msasa namba 36 kwanza, halafu 60, na mwisho 100. Baada ya mkondo wa kwanza fundi mkuu alizima mashine, akachota vumbi kiganjani, akalinusa, akaninyooshea mkono. Nyumba nzima ilikuwa inanukia kama udi. "Mama, hii ni muhuhu," akasema. "Usikubali mtu akuwekee vigae juu yake." Muhuhu ni mti wa misitu mikavu, ya pwani kama Arabuko-Sokoke na ya kandokando ya Nairobi kama Karura na Ngong, hukua polepole, mbao zake ni ngumu na nzito mno, ila shina lake mara nyingi limepinda, hivyo ni nadra kupata ubao mrefu ulionyooka. Ndiyo maana sakafu zake ni za vibao vifupi. Wachongaji wa vinyago nao waliutafuta sana, na leo umeadimika.

Sasa malalamiko. Fundi msaidizi alisimama karibu na mlango wa jikoni huku ngoma ya mashine, yaani silinda inayobeba msasa, ikizunguka, na pale pakabaki bonde la ukubwa wa sahani. Sikuliona siku ile. Nililiona vanishi ilipokwisha kukauka, jua la alasiri lilipoingia kwa pembeni. Atakayefanya kazi kama hii alaze tochi sakafuni usiku na kukagua kila kona kabla vanishi haijafunguliwa. Tena, tulikubaliana mikono mitatu ya vanishi, wakapaka miwili na kuniaga kwa heshima. Nilikuwa nimezuia shilingi 5,000 za mwisho, wakarudi Jumamosi. Muhuhu una mafuta yake ya asili, na pale ambapo hawakufuta mbao kwa thina kabla ya kupaka, vanishi ilinata kwa siku tatu. Pengine pote ilikauka usiku mmoja.

Mama mkwe aliletwa kuitazama. Alizunguka sebule nzima akiwa amevua viatu, akasimama dirishani, akauliza: "Na nta atapaka nani?" Kumbe kapeti aliiweka kwa sababu alichoka kupiga magoti kila Ijumaa. Nilimweleza kuwa vanishi haihitaji nta, inafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na kwamba nta ingezuia vanishi mpya kushika siku za usoni. Hakuniamini hata kidogo.

Vyumba vitatu vya kulala bado vina kapeti. Nitawaita watu walewale, kwa kuwa fundi mkuu anaijua kazi yake, lakini safari hii mapatano yatakuwa kwenye karatasi: mikono mitatu, kufuta kwa thina, na ile mashine ya ngoma aishike yeye mwenyewe.