Betri ya boti: nunua kipimo kabla ya betri

Betri yetu ya lithiamu niliinunua mwenyewe mjini Unguja na kuivusha kwa meli hadi Wete, pamoja na voltimita ndogo ambayo muuzaji aliniapia kwamba ingetuonesha chaji iliyobaki. Usiku mmoja wa kaskazi, nje ya Ras Kigomasha, GPS, redio ya VHF na taa zilizimika kwa mpigo, na mpwa wangu, ambaye ndiye nahodha, akangoja alfajiri huku boti ikichukuliwa na mkondo. "Shangazi," aliniambia alipofika pwani, "wakati tunatega jarife voltimita ilisoma 12.9, nami najua 12.9 ni betri iliyojaa."

Kwa betri ya maji hakukosea, kwani betri hiyo ikijaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, na ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na nusu. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 haiendi hivyo. Huganda karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, na inapofika 12.9 imekwisha kubakiwa na takriban sehemu moja ya tano. Baada ya hapo huporomoka ghafla, na saketi ya ulinzi iliyomo ndani yake hukata umeme wote bila taa kufifia kwanza. Ndiyo maana naona ni dhuluma kumuuzia mvuvi betri hii pamoja na voltimita peke yake.

Kinachohitajika ni kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, na chaguo langu la kwanza, nalisema waziwazi, ni BMV-712 ya Victron, kampuni ya Uholanzi. Ina shanti, yaani kipande cha chuma kinachopitisha na kupima umeme wote, ya ampea 500, inayofungwa kwenye waya wa hasi, na uso wa duara unaowekwa mbele ya nahodha na kumwonesha asilimia iliyobaki. SmartShunt ya kampuni hiyohiyo naiweka ya pili kwa sababu haina kioo, husomwa kwa simu, na mtu anayevuta nyavu hana mkono mkavu wa kushika simu.

Simama juu ya fundi anapoifunga. Upande wa shanti unaoelekea betri hukaa waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye hasi ya betri. Pampu ya maji, sola, redio na kila kitu kingine hufungwa upande wa pili. Kwetu fundi aliiunganisha pampu moja kwa moja kwenye betri, na kwa wiki nzima kipimo hakikuhesabu hata tone la umeme wake. Kisha kiandikie ukubwa halisi wa betri, na mara kwa mara ichaji mpaka ijae kabisa ili hesabu ianze upya.

Kuhusu betri zenyewe, LiFePO4 ya Ah (ampea-saa) 100 iliyofungwa pamoja na kipimo hicho naipa nafasi ya kwanza. Vyombo vyetu hula wastani wa ampea 3, yaani Ah 36 kwa saa 12, na redio ikisema kwa wati 25 huvuta ampea 5 au 6 kwa muda wa kusema tu. AGM, betri ya risasi iliyozibwa isiyoongezwa maji, ya ukubwa uleule huja ya pili: inafanya kazi, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya lithiamu. Betri ya gari hutengenezwa kwa kuwasha injini, si kwa kukesha na taa, iache dukani.

Na dukani nenda na mizani. Nimeoneshwa betri ya maji yenye karatasi ya Ah 100 ambayo niliinyanyua kwa mkono mmoja, ilhali ya kweli hukaribia kilo 30. Nilipoomba ipimwe, muuzaji alikasirika kana kwamba nimemwita mwizi, na bei aliyonitajia asubuhi kwa simu ilikuwa imekwisha kupanda nilipofika, kwa madai ya bei ya dola. Hati ya dhamana niliyoomba, aliniandikia nyuma ya risiti, bila muhuri wala tarehe.